Majina ya Msumari wa Moto

Siku mlipoandaa wali wa kuniaga, ninyi walimu vijana wa darasa la watu wazima mliniomba niwaandikie niliyoyaona kazini. Nilimwomba Mungu anikumbushe yenye faida na anisahaulishe ya kujisifu. Ombi la pili huenda bado linashughulikiwa. Vyeo sikupata, kwa hiyo sehemu hiyo mmekwisha kuisoma. Naanzia pale kazi ilipoanzia: chini ya turubai la kanisa, hapa Nakivale, kambi ya wakimbizi ya Uganda, nikiwa na kipande cha muhogo mkavu mkononi.

Muhogo ule ndio uliokuwa chaki. Mihogo ukiikata vipande vyembamba na kuianika juani mpaka iwe migumu, inaandika vizuri, ila usiiache usiku, kwa sababu panya nao wana njaa ya elimu. Ubao tuliutengeneza kwa mbao za masanduku. Tulisaga ule mkaa wa ndani ya betri zilizokwisha, tukachanganya na maji ya majani ya muhogo yaliyotwangwa, tukapaka mara nyingi. Nyinyi leo mna ubao mweupe na kalamu za rangi. Kalamu zikikauka mnakaa mnaulizana. Jifunzeni hiyo ya betri.

Kongo, upande wa Uvira, nilikuwa katekista. Mapadre walinisomesha dini, kuimba, na kupiga kengele kwa wakati wake. Tulipokimbia, mke wangu alibeba vyombo na nguo, mimi nikabeba kengele ndogo ya kigango chetu. Aliniuliza njiani tutaila na nini. Jibu nililipata huku, nilipoombwa kufundisha akina mama kusoma, nikawa nawaita kwa kengele ile ile.

Darasa la kwanza lilijaa. Nilifundisha nilivyofundishwa: a, e, i, o, u. Akina mama waliitikia kwa sauti nzuri kama litania, nami nikadhani mambo yanakwenda. Wiki iliyofuata nusu hawakuja. Waliobaki waliniangalia kwa huruma. Alikuwapo mama mmoja, Riziki, muuza sombe, yaani kisamvu, ambaye ulimi wake haukuwahi kuchoka. Akainua mkono.

“Baba Mwalimu, samahani. Hii a-e-i-o-u yako, tutaipika na nini?”

Wenzake walicheka mpaka turubai likatikisika. Mimi pia nilicheka, lakini niliporudi nyumbani sikula vizuri.

Ndipo paroko akanituma Mbarara, kwenye nyumba ya masista, nikafundishwe kufundisha watu wazima. Mwalimu wetu alikuwa Sista Leokadia, Mnyankore wa Bwizibwera, mrefu, mwenye hatua ndefu. Kiswahili alijifunza akiwa msichana kwa madereva wa malori ya maziwa, kwa hiyo hata akiongoza sala ya jioni ungedhani anaamuru lori lirudi nyuma. “Piga magoti! Haya, simama! Amina!” Lakini sijapata kuona mtu anayependa wanafunzi wake kama yeye. Alikuwa akitukagua vidole asubuhi. Aliyekuwa na vidole visivyo na vumbi la chaki aliambiwa, “Wewe jana ulikaa tu.”

Nilimweleza habari ya Riziki na sombe yake. Hakucheka.

“Yule mama ana akili. Wewe, Yeremia, usianze na herufi. Anza na kitu ambacho mtu akiibiwa, analia. Umesikia?”

“Ndiyo, Sista.”

“Nenda kitafute.”

Nilikipata kwenye bomba la maji. Mnaokaa hapa hamhitaji kuambiwa, lakini walimu wapya wanatoka mjini, kwa hiyo naeleza. Mwanamke hasimami kwenye foleni ya maji siku nzima, maana jiko na shamba vinamngoja. Analeta dumu lake, lile la njano la mafuta ya kupikia, sisi Wakongo tunaliita bido, analiweka nyuma ya madumu mengine, kisha anakwenda kazini kwake. Dumu linasimama badala yake. Foleni ikisogea, waliopo wanalisogeza dumu lake pamoja na yao. Nimeona watu wakigombana kwa ajili ya mpaka wa shamba, kuku, hata nafasi ya kukaa kanisani. Sijaona mtu akiliondoa dumu la mwenzake kwenye foleni. Mlevi akipita hapo analizunguka.

Shida ilikuwa moja: madumu yote yalifanana. Siku hiyo wanawake wawili walikuwa wanavutana kwa dumu moja, kila mmoja analia kuwa ni lake. Nilisimama nikatazama machozi yao na nafsi yangu ikaruka kwa furaha, Mungu anisamehe. Nilikuwa nimepata kitabu changu cha kiada.

Somo la kwanza tangu siku hiyo lilikuwa jina la mtu juu ya dumu lake. Rangi haifai, inabanduka. Tulitumia msumari wa moto. Unaushika kwa koleo au kitambaa kinene, unauweka kwenye makaa mpaka uwe mwekundu, unauvuta taratibu juu ya plastiki. Usikandamize. Riziki alikandamiza, na maji yakaanza kutoka katikati ya jina lake.

“Mwalimu, angalia! Riziki yangu inavuja!”

Tuliziba kwa plastiki iliyoyeyushwa. Dumu lile linatumika hadi leo, na lina kovu.

Katika darasa hilo alikuwapo mama tuliyemwita Mama Furaha, kwa jina la binti yake. Mpole, mwenye mabega mapana ya mkulima, mtu wa kusikiliza kabla ya kusema. Zamu yake ilipofika nilimwuliza jina.

“Mama Furaha.”

“Hilo ni la mtoto. Lako wewe?”

Alitazama chini, akasema kwa sauti ndogo, “Nabintu. Lakini hakuna mutu ananiitaka vile. Mutu wa mwisho alikuwa baba.”

Aliuchukua msumari akachoma herufi zake bila haraka, moja baada ya nyingine. Alipomaliza alilifuta dumu kwa kitenge, akakaa nalo mapajani kama mtoto. Tangu siku hiyo aliniomba darasani nimwite Nabintu, nami nimefanya hivyo.

Kesho yake mumewe alikuja kunitafuta. Chikuru alikuwa fundi wa baiskeli, mtu mkimya, lakini siku hiyo alikuwa na maneno.

“Mwalimu, ile bido niliinunua mimi. Sasa naona imeandikwa jina ya bibi yangu. Ni nini hii?”

“Chikuru, ndugu yangu, nani analibeba?”

Alisimama akafikiri. Mlima wa kutoka bombani kwenda kwao ni mkali, kila mtu anaujua.

“Sawa,” akasema, akaenda zake.

Kumbukeni kisa hicho mtakapokutana na waume wenye hasira. Wengi wana swali moja tu, nalo likijibiwa kwa heshima wanarudi kwenye baiskeli zao.

Mama wale walipoanza kusoma maneno mafupi, nilikosa cha kuwasomesha. Nilivyokuwa navyo ni vitabu vya watoto, paka na mpira. Mwanamke aliyevuka mpaka na watoto mgongoni hawezi kukaa anasoma habari za paka na mpira. Nikarudi Mbarara kumwuliza Sista Leokadia. Alitoa kabatini kitabu kinene cha Kiingereza, cha maisha ya mwanamke mmoja wa ng’ambo, wa karne ya kumi na tisa, mwandishi, aliyetumia umri wake akidai wanawake wapige kura. Jina lake lilikuwa gumu kinywani mwetu, na darasa langu lilimbatiza upya: Mama Kalamu.

Kila nilipofika Mbarara, Sista alinisimulia sehemu moja, nami nikirudi niliifupisha kwa sentensi nyepesi, nikaziandika kwa herufi kubwa juu ya karatasi za mifuko ya saruji. “Mama Kalamu alisoma vitabu vya kaka zake.” “Mama Kalamu aliandika mezani jikoni, mkate ukiwa motoni.” Tulizitundika kwenye kamba, na akina mama wakasoma kwa kufuata kijiti changu.

Naomba niseme kidogo juu ya huyo mama, kwa sababu namheshimu sana. Baba yake alikuwa mtu wa dini, aliyewapeleka wavulana shule na kumwacha yeye na sindano ya kushonea. Alishona, na akasoma huku akishona. Alipoolewa na kuanza kuandika magazetini, sheria ya kwao ilisema malipo ya maandishi yake ni ya mume. Aliandika kwanza kwa jina la kiume, kwa sababu wahariri hawakuwa wakisoma barua za wanawake mpaka mwisho. Baadaye aliliacha lile jina, akaandika lake. Akasafiri kwa magari ya farasi na treni za makaa, mji kwa mji, akizungumza kumbini. Watu walimrushia matope na mayai. Aliyafuta akaendelea na sentensi alipoikatia. Kila mwaka alipeleka bungeni karatasi zilizotiwa sahihi za wanawake, na kila mwaka wabunge walicheka, naye mwaka uliofuata akazipeleka tena. Kabla ya kila mkutano alipiga magoti. Hilo Sista alilisema kwa sauti ya chini, na ndiyo mara pekee niliyomsikia akitumia sauti hiyo.

Darasa lilishangaa kuliko nilivyotazamia.

“Ngoja, Mwalimu,” Riziki alisema. “Unataka kusema muzungu, mwanamuke wa kizungu, walimukatazaga kupiga kura?”

“Walimkataza.”

“Farasi alikuwa nayo, kura hana! Sasa ile farasi ilimusaidia nini?”

“Ilimupeleka kwenye mikutano,” alijibu Nabintu polepole, na ndivyo ilivyokuwa.

Wakati tukiwa katikati ya kisa hicho, ukafika uchaguzi wa mwenyekiti wa kijiji chetu cha kambini. Hapa hatutumii karatasi. Wagombea wanasimama uwanjani, kila mtu anakwenda kusimama nyuma ya amtakaye, na afisa anapita akihesabu vichwa. Mwenyekiti aliyekuwapo, Bwana Bisimwa, mwenye duka kando ya barabara ya Rwekubo, alitangaza baada ya misa kwamba, ili kuepusha fujo na msongamano, kila nyumba ilete mtu mmoja, baba wa nyumba. Bisimwa hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa utaratibu, na utaratibu anaoujua ni ule unaomfaa.

Jambo kubwa lililogombewa lilikuwa la maji. Kijiji kiliahidiwa bomba jipya, na mwenyekiti mpya na kamati yake ndio wangesema lichimbwe wapi. Bisimwa alilitaka kando ya maduka. Akina mama walilitaka kule chini, ziliko nyumba nyingi, ili wasipande mlima na dumu kichwani mara nyingi kila siku. Aliyegombea dhidi ya Bisimwa alikuwa Goreti, mjane wa Kirundi, mkulima wa maharage, mama wa kwaya. Kwa kuwa mjane ndiye kichwa cha nyumba yake, hakuna aliyeweza kumzuia kugombea. Lakini kama kila nyumba ingeleta baba peke yake, nyuma ya Goreti wangesimama wajane wenzake na Roho Mtakatifu.

Juma hilo hilo Sista alinisomea mwisho wa kile kitabu. Mama Kalamu alikufa kabla sheria haijabadilika. Miaka ilipita juu ya kaburi lake ndipo wanawake wa nchi yake walipoingia kupiga kura. Nilirudi nikiwa nimekaa kiti cha mbele cha gari nikitafakari. Akina mama walikuwa wakiniuliza kila somo, “Mwisho alipiga kura?” Nilitaka kulichelewesha somo hilo mpaka uchaguzi upite, wasije wakavunjika moyo. Nilikuwa nimemwambia Sista hivyo kabla ya kuondoka, naye alinitazama kama anavyotazama kidole kisafi.

“Unafundisha watu kusoma, halafu unawaficha mwisho? Wewe ni mwalimu au ni mtu wa forodha?”

Nikaliandika kama lilivyo. “Mama Kalamu alikufa. Hakupiga kura.” Nikalitundika.

Walilisoma kwa pamoja, sauti zikafifia kabla ya neno la mwisho. Nje mtu alikuwa anapasua kuni na tulisikia kila pigo. Goreti akafanya ishara ya msalaba. Mmoja akauliza kwa uchungu, “Njo kusema alijisumbua bure?”

Nabintu hakuinua kichwa. Alikuwa akitazama dumu lake, alilokuja nalo kama kawaida ili apitie bombani.

“Hapana,” akasema. “Aliacha bido yake kwenye foleni. Benzake waliisukuma, waliisukuma, mpaka ikafika kwenye maji.”

Nimefundisha dini na kusoma kwa sehemu kubwa ya umri wangu, na sijapata kutoa somo lililo bora kuliko sentensi hiyo. Nilitua kijiti.

Kisha akainua uso. “Mwalimu, kule bombani mbona bido ya bwana yangu haisimamake fasi ya yangu? Kila mutu na yake. Basi tuweke.”

“Muweke nini, mama?”

“Bido. Uwanjani. Siku ya kura. Nani ataziondosha?”

Sikuwa nimeelewa, lakini wenzake walielewa mara moja, na kelele zilizozuka hapo zilimleta paroko mbio akidhani kuna nyoka.

Mpango ulikuwa huu. Alfajiri ya siku ya kura kila mama angeleta dumu lake tupu na kulipanga mahali Goreti atakaposimama, jina likitazama mbele. Kisha warudi kwenye shughuli zao. Afisa akifika, kila mmoja aje asimame kando ya dumu lake. Mtu anaweza kumwambia mwanamke, “Toka hapa, ngoja pembeni.” Lakini nani Nakivale angethubutu kumtoa kwenye nafasi ambayo dumu lake limekwisha kuishika?

Mungu ana namna yake ya kupanga. Jioni ya kuamkia siku hiyo, Furaha, binti wa Nabintu, alishikwa na uchungu wa kuzaa, na mambo yakawa magumu. Wakunga wakasema apelekwe hospitali Mbarara. Nabintu alifunga khanga na chupa ya chai, akapanda gari na binti yake. Siku aliyoipigania ilikuwa kesho, naye hakugeuka hata mara moja kutazama nyuma. Mlangoni alimwambia mumewe neno moja tu, ambalo sisi tulilijua asubuhi.

Alfajiri nilikwenda uwanjani baada ya sala. Madumu yalikuwa yameanza kujipanga, ya njano katika umande: RIZIKI lenye kovu, ESPERANCE, BAHATI, na mengine. Mbele kabisa palikuwa wazi. Nikamwona Chikuru akija kutoka upande wa nyumba zao, mbele ya macho ya wanaume waliokuwa wakinywa chai ya asubuhi kando ya njia. Amebeba dumu tupu.

“Eh, Chikuru!” mmoja akamwita. “Leo ni wewe mama ya nyumba?”

Hakujibu. Alifika, akaliweka dumu mbele ya yote, akaligeuza ili NABINTU lionekane vizuri. Kisha akaenda pembeni akakaa juu ya jiwe na kuwasha sigara yake.

Ndipo likatokea jambo ambalo hakuna aliyelipanga. Bwana Bisimwa alikuja mapema kukagua uwanja. Akaona foleni ndefu ya madumu. Mtu wa kambini akiona foleni ya madumu mahali pasipo na bomba, anajua jambo moja tu: gari la maji linakuja. Akageuka akapiga kelele kuelekea dukani kwake, “Leteni bido! Tanki ya maji inakuja! Haraka!” Mtu wa dukani akaja mbio na madumu mawili, na Bisimwa mwenyewe akayapanga kwenye mstari, akijipongeza kwa kuwahi. Wanaume wengine wakafuata. Kwa muda mfupi mstari wa Goreti ulikuwa mrefu kuliko wa Pasaka kwenye komunyo.

Akina mama walipoanza kurudi na kuona hayo, walikaa chini. Hawakuweza kusimama kwa kicheko. Riziki alimwendea Bisimwa, akamwinamia kwa heshima zote.

“Mwenyekiti, asanti mingi. Bido yako imeshapiga kura. Sasa inabaki wewe.”

Bisimwa alitazama madumu, akatazama majina, akamtazama Goreti aliyekuwa amesimama mbele akishika rozari, na nikaona damu ikimpanda usoni. Alitaka kuyatoa ya kwake. Mkono ulifika kwenye mpini ukasimama hapo. Kulitoa dumu kwenye foleni, hata lako mwenyewe, watu wakitazama, si jambo jepesi. Akayaacha.

Afisa kutoka ofisi ya kambi alifika kwa pikipiki. Kijana mwenyeji wa Masha, mwenye viatu vinavyong’aa na haraka ya kumaliza.

“Banange, hii jerikeni yote ni ya nini? Mimi nimekuja kuhesabu watu.”

“Watu wako hapa, sebo,” Goreti alisema, akimwita bwana kwa lugha ya kwao. Akina mama wakainuka, kila mmoja akaenda kusimama kando ya jina lake.

Bisimwa akasema, “Afisa, tulikubaliana baba wa nyumba tu. Hawa wanawake waondoke kwanza.”

“Mlikubaliana na nani?”

Bisimwa akageuka kuwatazama wanaume wa mstari wake.

“Mzee, mimi nimeambiwa watu wazima wa kijiji. Sikuambiwa baba wa nyumba. Huyu nyabo, huyu mama, ni mtu mzima ama ni mtoto?” Alimwelekezea Riziki kidole.

“Mimi ni nyanya,” Riziki alisema, “lakini sitaki watu wajue.”

Afisa akacheka, akaanza kuhesabu. Alianza na mstari wa Bisimwa, ambapo Chikuru naye alikuwa amesimama. Naam. Alikwisha kumwambia mkewe kwamba yeye ni mtu wa Bisimwa, na hakubadilika. Kisha akaja upande wa Goreti, akafika kwenye dumu la mbele, ambalo halikuwa na mtu.

“Hii ya nani? Mwenyewe yuko wapi?”

Sauti ilitoka mstari wa Bisimwa. Chikuru alikuwa ametoa sigara mdomoni.

“Ni ya bibi yangu. Yeye iko Mbarara, hospitali, na mutoto.”

“Basi hii siwezi kuhesabu.”

“Sikusema uhesabu,” Chikuru alisema. “Nasema usiisogeze.”

Kijana yule alisimama kidogo. Akalizunguka dumu kwa adabu, kama mtu anayepita mbele ya altare, akaanza kuhesabu kwa mama aliyefuata.

Goreti hakushinda. Nawaambia kweli, maana kisa hiki kikisimuliwa na Riziki, Goreti anashinda kila mara. Bisimwa alirudi kwenye kiti chake, kwa kupita kidogo sana. Lakini bomba jipya lilichimbwa kule chini, karibu na nyumba. Nilimwuliza Bisimwa baadaye, tukitoka kanisani, nini kilimgeuza. Akasema, “Mwalimu, afisa alihesabu mara moja. Mimi nilihesabu mstari ule wiki nzima.” Na tangu mwaka ule katika kijiji chetu kila mtu mzima anasimama kwa miguu yake. Uchaguzi uliofuata Goreti alipata uenyekiti, na Bisimwa alimwuzia sukari kwa heshima.

Nabintu alirudi baada ya siku chache, amechoka, amembeba mjukuu wa kike mzima wa afya, Furaha akimfuata polepole. Alipita darasani kabla ya kufika nyumbani. Nilijua atauliza nini.

“Mwalimu, balinihesabu?”

“Hapana, mama. Afisa alilizunguka dumu lako.”

“Alizunguka? Hakuisukuma kwa muguu?”

“Alilizunguka.”

Akafikiri. Akampakata mtoto vizuri. “Basi aliiona,” akasema, na uso wake ukatulia kabisa. “Na Chikuru, alisimama wapi?”

“Kwa Bisimwa.”

Alicheka mpaka mtoto akaamka. “Huyo njo bwana yangu. Bido anabeba, kichwa hageuzi.”

Uchaguzi wa Goreti, Nabintu alikuwa wa kwanza mstarini, mapema mno, wakati uwanja ulipokuwa na mbuzi tu. Nilimshukuru Mungu kwa kuniacha nione hilo. Sista Leokadia hakuliona. Alikuwa amekwisha kuzikwa kwenye makaburi ya masista Mbarara. Nilikwenda kumsimulia hapo hapo kaburini, kwa sauti ya kijeshi, ili asikie.

Sasa nimestaafu. Kengele nimeiacha darasani, ipigeni kwa wakati. Siku ya wali wa kuniaga, wanafunzi wa zamani walinipa zawadi: dumu jipya la njano. Nabintu mwenyewe alikuwa amelichoma kwa msumari: YEREMIA. Hakukandamiza popote. Riziki akasema, “Umetufundisha kuandika juu ya bido miaka yote hii, Baba Mwalimu, na hatujakuona hata siku moja ukibeba moja.” Mke wangu, ambaye magoti yake yamechoka na mlima, alipiga makofi kuliko wote.

Kwa hiyo juzi asubuhi, baada ya misa, nilikwenda kwenye bomba la chini na dumu langu. Foleni ilikuwa ndefu. La mwisho lilikuwa dumu moja kuukuu, limepauka, herufi zake zimeingia vumbi lakini zinasomeka. Mwenyewe alikuwa ameliacha akaenda kupalilia. Nikaliweka langu nyuma yake, nikasimama.

“Mwalimu, unaweza kwenda,” mama mmoja aliniambia. “Bido itakungojea.”

“Najua,” nikasema. “Leo nataka kungoja mwenyewe.”

Maji yalipoanza kutoka na foleni ikasogea, Nabintu alikuwa bado shambani. Niliinama, nikaliinua dumu lake kwa mikono miwili, nikalisogeza mbele. Kisha langu.